Mgawa Uwanja

Katika maisha yake yote, Nusu alikataa kugawa kitu kimoja tu. Vingine vyote aligawa. Mkate aliukata katikati na kumpa aliyekaa karibu naye. Kibanda chake cha vifaa alikigawa na wauza maji mvua iliponyesha. Na uwanja wa michezo, ambao manispaa ilimwajiri autunze, aliugawa kila siku ya Mungu mpaka nyasi zikasalimu amri.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu kila ugomvi ulipomfikia alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akajikuna kidevu na kusema, "Basi, nusu kwa nusu." Likamganda. Hata zahanati walipomwita kwa jina la kwenye kitambulisho, alikaa tu kwenye benchi akitazama watu, akisubiri mwenye jina ainuke.

Alipoanza kazi, uwanja ulikuwa nje ya mji na timu ilikuwa moja. Asubuhi alikata nyasi, alasiri akasukuma toroli la chokaa na kupiga mistari, jioni wanaume wakacheza, wakatukanana, wakapeana mikono, wakaenda zao. Siku zilizobaki nyasi zililala. Kisha mji ukaja. Ulikuja na malori ya mchanga na kokoto, nyumba moja hapa na nyingine pale, halafu maghorofa yaliyosimama bega kwa bega mpaka jioni kivuli chao kikafunika goli la upande wa pili. Zikajengwa shule zisizo na hata kiwanja cha kurukia kamba, maana wenyewe walisema uwanja si upo? Wakaja wazee walioambiwa na daktari watembee kwa ajili ya sukari na presha. Wakaja wanariadha wa kutupa tufe na kurusha kisahani. Na kila aliyekuja alisimama mlangoni pa kibanda akasema maneno yaleyale: "Mzee, sisi tunaomba nafasi kidogo tu."

Ofisi ya bustani na viwanja iliahidi uwanja wa pili, nyuma ya tangi la maji. Ofisa wa viwanja alikuja na wapimaji, wakapigilia vigingi vyekundu, wakapiga picha, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakaja tena, vigingi vikapigiliwa upya. Mwishowe ikamwagwa lami, pakawa maegesho ya magari. Nusu alikwenda kuitazama ile lami. Aliikanyaga kwa kisigino, jinsi alivyozoea kuupima udongo, akarudi kibandani. Ndipo alipotafuta kamba.

Ilikuwa kamba ya nailoni, ya buluu, iliyokatiza uwanja ikishikiliwa na vigingi vya chuma. Upande huu shule, upande ule wazee. Upande huu mpira, upande ule wanariadha. Kila siku kamba ilihamishwa kidogo kufuatana na wingi wa watu na ukali wa makelele yao, na ratiba yote ilikaa kichwani mwa Nusu. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Kelele zenyewe zilikuwa burudani. Kiongozi wa wazee waliotembea alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye fimbo na ulimi mkali, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Sukari.

"Nyie!" aliwafokea wachezaji siku moja, kiuno amekishika. "Mpira wenu umenipiga hapa. Sasa nitembee na nini?"

"Mzee, samahani, kamba haizuii mpira."

"Daktari ameniambia nitembee, hajaniambia nidake!"

Nusu alikuja mbio na toroli lake, akawasikiliza, akang'oa kigingi na kukisogeza hatua chache. "Haya. Mzee pita huku. Nanyi pigeni chinichini."

"Wewe Nusu," Mzee Sukari akamwambia, "siku moja utajigawa mwenyewe, upande mmoja uende kwako na mwingine ubaki hapa."

Watu walicheka. Nusu naye alicheka. Alikuwa mtu wa kicheko chepesi wakati huo.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili na baraza. Mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki zamani, bila mtoto. Dada yake mdogo, mshonaji, alipofiwa na mume, alihamia hapo na cherehani yake na binti mchanga mgongoni. Cherehani ikawekwa barazani. Binti naye, alipoanza tu kutambaa, akaanza kumfuata mjomba wake: chini ya meza, nyuma ya mlango, baadaye uwanjani, akishika ukingo wa toroli huku miguu yake imekuwa myeupe kwa chokaa. Nusu akamwita Gundi. Mama yake alimwita kwa jina la ubatizo alipomkasirikia tu.

Gundi alikua, akamaliza shule, akapata kazi kwenye duka la rangi. Jioni alicheza mpira. Yeye na wasichana wenzake wa kwenye maghorofa walikuwa na timu kamili, lakini walicheza kwenye yale maegesho, katikati ya magari, juu ya lami. Magoti yao hayakuwahi kupona.

Jioni moja aliingia nyumbani akichechemea, akakaa chini miguuni pa mjomba wake.

"Mjomba, wote unawagawia. Sisi je?"

"Nyinyi mna maegesho."

"Maegesho! Jana mpira umevunja taa ya gari, mwenye gari katukimbiza na spana. Mjomba, spana!"

"Mkafanyaje?"

"Tukakimbia. Ndiyo mazoezi yenyewe."

Nusu alicheka mpaka akakohoa. Gundi hakucheka.

"Nasema kweli, Mjomba. Tupe hata saa moja kwa wiki."

Nusu akajikuna kidevu. "Nikikupa wewe, kesho watasema Nusu anagawa kwa kuangalia damu. Nimekaa na watu hawa miaka yote hakuna aliyeninyooshea kidole."

"Kwa hiyo unatunyima kwa kuangalia damu," Gundi alisema. "Ningekuwa mtoto wa jirani ungeshanipa."

Cherehani ilinyamaza. Dada yake Nusu alikata uzi kwa meno, akasema bila kuinua kichwa, "Mtoto amesema kweli, kaka."

Kesho yake Nusu alivaa shati lake la kanisani, akaenda ofisini kwa ofisa wa viwanja kuwaombea wasichana saa yao rasmi, ili isiwe yeye aliyewapa. Ofisa huyo alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye simu mbili, na kila moja iliita alipokuwa akiongea kwenye nyingine.

"Mzee wangu, sina kipingamizi," alisema. "Jumamosi nakuja. Nataka nione mechi, siyo watoto wanaokimbizana. Timu mbili, refa, jezi, na nyavu golini. Nikiona hayo, saa yao wataipata. Nisipoyaona, nitawaambia nini wakubwa?"

"Nyavu za magoli zilioza, bosi. Nilishaleta habari."

"Mzee, wewe si mtu wa kukosa njia."

Njia yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Kisahani ni kitu kama sahani mbili zilizofunikana, kizito, cha mbao, chenye ukingo wa chuma. Mrushaji huzunguka nacho kwa nguvu zake zote kisha hukiachia, na kikimponyoka huenda kinakotaka chenyewe. Ndiyo maana wenye kurusha husimama ndani ya kizimba, yaani nguzo ndefu za chuma zilizozunguka nusu duara, zikiwa zimetundikwa wavu mzito. Kizimba cha uwanja ule kilijengwa na fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana barabara ya nyuma, ambaye mwenyewe alikuwa mrushaji mzuri kuliko wote. Wavu ulitoka manispaa. Ulikuwa wa mapande mawili.

Nyavu za magoli zilipooza, Nusu aliyatazama yale mapande mawili, akayatazama magoli mawili, akaona njia. Siku ya wanariadha wavu ulikaa kwenye kizimba. Siku ya mechi kubwa aliufungua, akautundika golini, na mechi ilipokwisha akaurudisha. Watu walimsifu. Wavu mmoja, kazi mbili. Mradi siku za mpira na siku za kisahani hazikukutana, hapakuwa na tatizo, na kwa muda mrefu hazikukutana.

Wiki ile zilikutana. Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya wanariadha, shule ililazimika kufanya mashindano yake, na mwalimu mkuu akaja kuomba kwa unyenyekevu mkubwa. Nusu akampa. Wanariadha akawahamishia Jumamosi, baada ya wasichana.

Ijumaa jioni wavu ulikuwa barazani umetandazwa. Ulikuwa umechanika sehemu mbili, na dada yake aliuziba kwa uzi wa nailoni na sindano nene, Gundi akiushika upande mmoja na Nusu upande mwingine, wote watatu wamekaa sakafuni wamejifunika miguu kwa wavu kama shuka.

"Mama, usishone sana, nataka bao langu litoboe," Gundi alisema.

"Utoboe uone nani atakaa usiku kuziba."

"Wanariadha watafika saa ngapi, kaka?" dada aliuliza baadaye.

"Mtakuwa mmeshamaliza."

"Na tusipomaliza?"

Nusu alikuwa anatafuta tundu kwenye wavu kwa kidole. "Tutagawana," alisema.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Wazee walichelewa kuanza, wakachelewa kumaliza. Timu ya wanaume ikaomba ifidiwe muda wa mvua, na Nusu akaifidia, maana mvua haikuwa kosa lao. Kwa hiyo wasichana walianza muda wao ukiwa umeshaliwa. Lakini walianza, dhidi ya wasichana wa mtaa wa jirani. Jezi zilikuwa zimenyooka, namba zake zilishonwa barazani kwa Nusu. Nyavu zilining'inia golini. Ofisa wa viwanja alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, na simu zake zote mbili zilikuwa mfukoni. Dada yake Nusu alisimama pembeni ya uwanja na sindano yake, endapo kitu kitachanika. Gundi alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba miguuni. Hata Mzee Sukari, ambaye alipaswa kuwa nyumbani amelala, alibaki kutazama, na mara mbili alisahau fimbo akapiga makofi.

Kipindi cha pili kilipoanza, wanariadha wakafika. Mwalimu wao alikuwa mama mnene mwenye filimbi, mstaafu wa jeshi, aliyeitwa Afande na kila mtu, hata mumewe.

"Nusu, saa yangu hii."

"Naijua, Afande. Mvua imetuchelewesha. Nipe muda mfupi tu."

"Wiki ijayo nina mashindano ya mkoa. Jana umenihamisha, leo unaniambia nisubiri. Nirudi nyumbani?"

Nusu alitazama uwanja. Matokeo yalikuwa sare. Alimtazama ofisa kwenye kiti chake. Kisha akatazama kizimba, nguzo tupu zikilowa. Kuurudisha wavu kulimaanisha kuisimamisha mechi, na mechi ikisimama ofisa angeinuka. Lakini Nusu hakuwahi kumrudisha mtu nyumbani.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Nitavuta kamba kando ya mstari. Wasichana wabaki huku, nyinyi kule. Ila mtupe tufe tu, Afande, hilo haliendi mbali. Kisahani mpaka wavu urudi."

"Tufe tu," Afande alisema, akawageukia watu wake na kuwaambia vivyo hivyo kwa sauti ya gwaride. Wote waliokuwepo walisikia.

Fundi wa kuchomelea hakuwepo. Alikuwa karakanani anamalizia mlango wa mteja. Alifika mbio, mfuko begani, akapita mbele ya Nusu aliyekuwa anapigilia kigingi.

"Shikamoo mzee. Nimechelewa."

"Marahaba. Wahi, wahi," Nusu alimjibu, akainama tena kwenye kigingi chake, sikio likiwa kwenye mechi.

Afande alikuwa upande wa mbali akipima mitupo ya tufe. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye kizimba kupasha misuli. Baadaye alisema kwa kiapo kwamba aliona nguzo, hakuona kwamba hazina wavu. Alikuwa amezichomelea mwenyewe, amesimama kati yake mara zisizo na hesabu, na macho yake yaliweka wavu pale ambapo siku zote ulikuwepo. Akazunguka. Mkono ulikuwa umelowa.

Mpira ulikuwa umetoka. Gundi aliuchukua arushe. Alisimama kwenye mstari, mgongo wake ukiigusa ile kamba ya buluu, akauinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, na hapo ndipo kisahani kilipomfikia, kisogoni. Mpira ulianguka mbele yake, ukadunda ndani ya uwanja. Msichana mmoja wa timu ya wapinzani aliupiga, mwingine akaukimbilia. Mchezo uliendelea kidogo bila yeye, kabla watu hawajajua.

Mama yake ndiye aliyefika kwanza. Walimpakia kwenye gari la ofisa, kichwa kwenye mapaja ya mama, na wote waliokuwemo walisali kwa sauti njia nzima. Hospitali haikuwa mbali. Mungu alimchukua kabla hawajafika langoni.

Nusu hakupanda gari lile. Watu walimwita, walimvuta shati, hakusikia. Alikwenda golini, akaanza kuufungua wavu, fundo moja baada ya jingine, vidole vinateleza. Akaubeba mpaka kwenye kizimba. Akapanda ngazi. Akautundika, akaufunga, akavuka uwanja kuchukua pande la pili, akalitundika nalo, akakaza kila fundo. Mtu mmoja alisema tumshushe, Mzee Sukari akasema mwacheni. Alipomaliza, kizimba kilikuwa sawasawa kama inavyotakiwa. Alishuka, akakaa chini kwenye matope, akauliza, "Wamefika hospitali?"

Baada ya mazishi polisi walimchukua fundi. Mtaa ulikuwa umeshamhukumu. Karakana yake ilipigwa mawe, na mkewe alikimbilia kwa wazazi. Manispaa nayo ikaita kikao cha uchunguzi. Usiku wa kuamkia kikao, jua likiwa ndiyo kwanza limezama, ofisa wa viwanja alikuja nyumbani kwa Nusu. Alitoa pole. Aliinamisha kichwa mbele ya dada mtu. Hakunywa chai aliyopewa.

"Mzee wangu," alisema, "kesho watakuuliza. Wewe uliwaambia watupe tufe tu. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi sema hivyo. Mashahidi wapo. Fundi amevunja amri. Kazi yako itabaki, na hakuna atakayekugusa."

"Nilimwambia Afande. Fundi hakuwepo."

"Hilo hujaulizwa."

"Alipita mbele yangu. Alinisalimia."

"Mzee, hilo hujaulizwa," ofisa alirudia polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. Dada yake Nusu, aliyekaa kando ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, alielewa hofu hiyo ilikotoka. Kikao kikianza kuuliza habari za wavu, swali la pili lingekuwa nani aliutaka golini.

Alipoondoka, dada alisema, "Kaka, kesho mtaje na huyu. Yeye ndiye aliyedai nyavu."

Nusu aliingia chumbani akapiga magoti kitandani kwake, na dada, upande wa pili wa ukuta, hakusikia hata neno moja la sala. Alisikia tu mbao za kitanda zikilia kila alipobadilisha goti.

Ukumbi wa manispaa ulijaa. Walikuwepo wasichana wa timu, wamekaa pamoja bila jezi. Alikuwepo Afande, filimbi hana. Fundi aliletwa na askari, amekonda uso, anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alimwita Nusu mbele.

"Je, uliwaambia wanariadha wasirushe kisahani?"

"Nilimwambia Afande. Fundi hakuwepo. Alikuja baadaye, akanisalimia, nikamwitikia. Sikumwambia. Wavu niliutoa mimi kwenye kizimba. Kamba niliivuta mimi. Wanariadha na wasichana niliwaweka pamoja mimi. Mwachieni kijana huyu, ana watoto."

Ukumbi ulichafuka. Afande alisimama, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Nusu, acha hayo! Mimi nilikushurutisha. Watu wangu niliwapa mgongo, sikumwona alipoingia kizimbani. Niandikieni na mimi!"

Fundi akasema, "Mzee, mkono ulikuwa wangu."

Mwalimu mkuu alikohoa, akasema pengine ile Ijumaa shule ingeweza kusubiri. Mzee Sukari alisema wazee nao walichelewa kuondoka. Ofisa wa viwanja alikuwa anatazama simu ambayo haikuwa imeita.

"Gawa basi!" Afande alimpigia kelele. "Umetugawia kila kitu, gawa na hili! Si ndiyo kazi yako? Nusu kwa nusu!"

Nusu alijikuna kidevu, kwa mazoea tu. Kisha mkono ukashuka.

"Hili sigawi," alisema.

Dada yake alikuwa amekusudia kusimama amtaje ofisa. Alimtazama kaka yake pale mbele, akaona kwamba akimtaja atamnyang'anya kitu pekee alichobakiwa nacho. Hakusimama. Mungu anajua kama alifanya vyema.

Fundi aliachiwa. Nusu alifukuzwa kazi na kufunguliwa kesi ya uzembe, ambayo iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka yeye mwenyewe akaifunga kwa kufa. Ofisa alihamishiwa ofisi kubwa zaidi.

Kabla hajafa, Nusu alikaa nyumbani, mtu aliyezoea kuamka kabla ya ndege. Ile kamba ya buluu alikuja nayo. Dada aliifunga uani kuanikia nguo, kwa kuwa hakujua aiweke wapi na kuitupa hakuweza. Nusu alikwepa njia ya uwanjani, akizunguka kwa nyuma kwenye karakana. Humo fundi alisimamisha kazi kila alipomwona, akavua miwani ya kuchomelea, na wote wawili wakasimama hivyo, mmoja ndani mmoja nje, mpaka Nusu aendelee na safari. Mvua zilipoanza, kikohozi kilimshuka kifuani. Hakupenda kwenda hospitali. Lilikuwa lango lilelile.

Jioni moja dada yake alikaa kando ya kitanda.

"Kaka, ule wavu niliushona mimi."

"Najua."

"Na siku ile nilisema mtoto amesema kweli. Nikakusukuma. Nigawie, kaka. Siyo wewe peke yako uliyefiwa."

Nusu aligeuza uso ukutani.

"Mungu hasamehi nusu," dada alisema. "Akisamehe anasamehe yote. Mpe basi, kama mimi hunipi."

Nusu alivuta shuka mpaka begani.

"Kalale, dada," alisema. "Kesho una jezi za shule za kushona."

Alizikwa karibu na Gundi. Ardhi ya makaburi nayo ilikuwa imebana. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba hata hapa wangemhitaji awapangie, na hakuna aliyecheka.

Wasichana walipata saa yao. Ofisi iliitoa wiki ileile ya msiba wa Gundi, kwa heshima ya marehemu, Jumamosi asubuhi, nyavu mpya golini na nyingine kwenye kizimba. Lakini wazazi wamekataza. Hakuna msichana aliyekuja Jumamosi ya kwanza, wala zilizofuata. Uwanja hukaa mtupu saa nzima, katika mji ambao watu wanagombea hata pembe zake.

Mtunzaji mpya ni mtu mzuri. Juzi alikuja barazani, akasimama mbele ya cherehani, kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Samahani kwa kukusumbua. Ile saa ya wasichana, wanaume wanaitaka. Wazee nao wanaitaka. Shule imeniletea mtu. Nimeona nisitoe bila kukuuliza. Nimpe nani?"

Dada yake Nusu alimwambia atakwenda kutazama mwenyewe.

Alikwenda Jumamosi. Aliwakuta wote wamesimama nje ya mstari: wachezaji na mpira wao, Mzee Sukari na wenzake, mwalimu na watoto wa shule, Afande. Hakuna aliyekuwa ameingia. Mbele ya goli, pale palipokuwa na kipara cha miaka yote, nyasi zilikuwa zimeanza kuota, nyembamba, za kijani kibichi. Walimwamkia mmoja mmoja, kisha wakabaki wakimtazama, kama walivyokuwa wakimtazama kaka yake.

Alifungua mdomo awagawie. Neno alilijua. Halikutoka, akasimama pale mpaka saa ikaisha.

Mtunzaji bado anasubiri jibu.